Kitambaa cha mteja si mauzo yako

Barua zenu za mwezi huu kuhusu kodi nimezisomea barazani kwangu, Kanyenye, chini ya mwembe ambao mwaka huu umezaa mpaka watoto wa jirani wamechoka kuurushia mawe. Nimezisoma zote mara mbili. Karibu kila moja ina neno ambalo mwandishi amelitumia akidhani analijua, na tatizo lake lote limelala humo humo. Wanafunzi wangu wa zamani wa somo la utunzaji wa vitabu watakumbuka maswali yangu kabla hatujagusa namba: hii pesa inahesabiwa kwenye nini, na inakwenda kwa nani? Leo nayauliza tena.

*

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Nina vyerehani viwili na binti mmoja wa kunisaidia. Nilienda TRA, Mamlaka ya Mapato, kukadiriwa kodi, nikaulizwa mauzo yangu ya mwaka. Nikapiga hesabu ya magauni na sare zote ninazotoa, kitambaa na ushonaji, nikataja milioni nane na nusu. Nikaandikiwa laki mbili na nusu. Mwalimu, faida yangu haifiki hata milioni mbili. Nimeonewa? Na hayo makadirio wanayatoa wapi, wanaangalia sura?"

Marahaba mwanangu. Hawakuangalia sura, waliangalia jedwali, na jedwali halikukuonea. Aliyekuonea ni wewe mwenyewe, na nitakuonyesha wapi.

Tuanze na neno mauzo. Mauzo ni pesa yote uliyolipwa na wateja kwa kazi yako, kabla hujatoa uzi, umeme, kodi ya chumba na posho ya binti. Faida ni kinachobaki baada ya kutoa hivyo vyote. Mfanyabiashara mdogo, yule ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, anakadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. Ndiyo maana ukimwambia ofisa "lakini sipati faida" anakutazama tu: anaona unajibu swali ambalo hakuuliza. Ukiona kabisa kwamba kukadiriwa kwa mauzo kunakuumiza, sheria inakuruhusu kutoka kwenye mfumo huo ukaandaa hesabu kamili na kulipia faida, lakini kwa vyerehani viwili gharama ya mhasibu inaweza kula kile unachookoa.

Sasa jedwali lenyewe, lile lililoanza Julai 2019. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayalipi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za biashara, yaani daftari la mauzo, analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Hapo unaiona laki mbili na nusu yako imekaa kwenye kiti chake. Ulitaja milioni nane na nusu, hukuwa na daftari.

Ungekuwa na daftari, kwa mauzo hayo hayo ungelipa 90,000 na asilimia 3 ya 1,500,000, yaani 45,000. Jumla 135,000. Kaunta buku moja na kalamu vingekuokolea 115,000.

Lakini hilo silo kubwa. Soma tena ulichoniandikia: "kitambaa na ushonaji". Mteja anakuja na kitenge chake alichonunua sokoni 25,000. Unamshonea gauni kwa 15,000. Wewe kwenye hesabu umeandika 40,000, kwa sababu machoni pako gauni lililoning'inia pale ukutani ni la 40,000. Ni kweli ni la 40,000, ila 25,000 hiyo haikupita mkononi mwako hata siku moja. Mauzo yako hapo ni 15,000. Kitambaa ulichonunua wewe ukauzia gauni zima, kama zile sare za shule, hicho ndicho unachokihesabu chote.

Tuseme ukiondoa vitambaa vya watu unabaki na milioni 6. Umeshuka ngazi. Bila daftari ni 100,000. Ukiwa na daftari ni asilimia 3 ya 2,000,000, yaani 60,000. Kodi hii inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kila awamu 15,000: ushonaji wa gauni moja.

Ufanye nini sasa? Karatasi uliyopewa inaitwa hati ya makadirio, na ina tarehe. Una siku 30 tangu kuipokea kuandika pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Pingamizi ni barua yenye sababu, haina haja ya wakili: eleza kwamba ulijumlisha mali ya wateja, ambatanisha orodha. Ujue tu kwamba ili lipokelewe unatakiwa ulipe kwanza sehemu usiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kabla ya hapo nenda ukaongee na ofisa aliyekukadiria, kwa adabu na ukiwa na karatasi. Mengi huishia mezani pale pale.

Usione haya. Mwaka wangu wa kwanza kumshikia vitabu muuza sabuni na chumvi wa jumla, nilikuwa naandika kwenye safu ya mauzo kile kilichobaki droo jioni, baada ya mwenye duka kutoa ya nyama, ya ada na ya bia zake. Miezi saba nikaandika hivyo. Niliyarudia yote usiku, kwa taa ya chemli, na huyo bwana hakunilipa kwa usiku hata mmoja.

*

"Mwalimu, mwangaluka. Nina saluni ya kiume karibu na Soko Kuu. Mwenye nyumba ananidai kodi ya miezi sita, 900,000. Nikasikia natakiwa nikate asilimia 10 nipeleke TRA. Nilipomwambia mzee wa watu akaniuliza: kodi ya kodi ndiyo nini tena? Akasema yeye anataka chake chote, hiyo nyingine nitajua mwenyewe."

Mwangaluka mwanangu. Swali la mzee wako limenichekesha lakini lina akili, maana Kiswahili chetu ndicho kilichowachanganya. Tunasema kodi kwa kile mpangaji anachompa mwenye nyumba, na tunasema kodi kwa kile raia anachoipa serikali. Ukiandika mkataba, hicho cha kwanza kiite pango. Utaona ugomvi nusu umekwisha.

Unachotakiwa kukata kinaitwa kodi ya zuio, na jina limekaa vizuri: unaizuia mkononi mwako isifike kwa mwenyewe, unaipeleka serikalini kwa niaba yake. Shika neno hilo, kwa niaba yake. Pango ni mapato ya mzee, na kodi ya mapato hayo ni ya mzee. Wewe ni mjumbe tu. Kwa 900,000 unazuia 90,000, unampa mzee 810,000, na ile 90,000 unaipeleka ndani ya siku saba baada ya mwezi uliolipa kwisha. Utapata cheti cha kodi ya zuio. Hicho umpe mzee akitunze, ni ushahidi wake kwamba kodi ya pango lake imelipwa.

Hapa nazungumzia chumba chako cha biashara. Kuhusu chumba unacholala na mkeo kule Isevya, ulizia kwanza TRA.

Sasa, mzee akikaza kwamba lazima mkononi apate 900,000 kamili? Wengi wanajibu: haya, nitaongeza 90,000 yangu juu. Hesabu hiyo si sahihi. Ikiwa 900,000 ndiyo inayobaki baada ya kutoa asilimia 10, basi pango lenyewe ni 1,000,000 na zuio ni 100,000. Maana yake mzee amekupandishia pango kwa laki moja bila kutamka. Mwonyeshe hivyo kwenye karatasi, mkae, mgawane. Nimesuluhisha kesi tatu za namna hii pale pale sokoni, na mbili ziliisha kwa kila mtu kubeba nusu. Ya tatu mpangaji alihama.

Na ukishaandika mkataba kuna ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwako pango la mwaka ni 1,800,000, ushuru ni 18,000. Mkataba usiolipiwa ushuru huo ni dhaifu siku ukifika mahakamani, na siku hiyo ndiyo utakayouhitaji.

*

"Mimi ni mwalimu mpya wa sekondari, Sikonge. Mshahara wa kwanza umenitoa machozi. Kwenye mkataba ni 700,000, benki imeingia 490,000. Serikali inachukua kodi ya 210,000 kwa mtu anayeanza maisha? Na wenzangu wananiambia nisitamani kupanda daraja, eti ukivuka kundi la kodi mshahara unashuka."

Pole, mwalimu mwenzangu. Sasa toa ile karatasi ya mshahara uisome mstari kwa mstari, maana kodi haijakuchukulia 210,000. Imechukua 49,000.

Asilimia 5 imekwenda mfuko wa hifadhi ya jamii: 35,000. Hiyo ni akiba yako ya uzeeni, na mwajiri anaongezea ya kwake. Asilimia 3 imekwenda bima ya afya: 21,000. Asilimia 15 imekwenda Bodi ya Mikopo: 105,000, nayo ni deni la chuo unalirudisha, si kodi hata kidogo. Hilo ndilo lililokutoa machozi, ila kwa kuwa limeandikwa pamoja na mengine chini ya neno makato, umelitukana kwa kuliita kodi.

Kodi ya mshahara, hii tunayoiita PAYE, inahesabiwa baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii. Kwa hiyo 700,000 toa 35,000, inabaki 665,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kutoka 520,000 hadi 665,000 zipo 145,000, na asilimia 20 yake ni 29,000. Ishirini na ishirini na tisa, arobaini na tisa.

Ukiifuata hesabu hiyo kwa kidole utajibu mwenyewe la kupanda daraja. Kiwango kikubwa hakirudi kukata pesa ya chini, kinakata kile kilichozidi tu. Hakuna Mtanzania anayepata pungufu kwa kodi hii baada ya kuongezwa mshahara. Hao wenzako waambie wakulipe chai.

*

"Dada, nanunua maharage Kasulu naleta Tabora. Safari moja magunia manane ya kilo mia. Njiani ushuru, sokoni ada, huku nasikia tozo, kule kodi. Ipi ni ipi, na ipi ni halali?"

Ushuru ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, lenye asili ya sehemu ya kumi. Siku hizi si sehemu ya kumi tena, ila bado unashika bidhaa yenyewe: ule wa forodha bidhaa ikivuka mpaka, ule wa mazao yakinunuliwa kwa mkulima. Kodi inashika mapato au mali ya mtu, na usitegemee kupewa kitu mkononi kwa kuilipa. Ada ni malipo ya huduma unayoiona: kizimba sokoni, leseni, choo. Tozo ni jina la ujumla la kinachotozwa kwa shughuli fulani. Tunaikumbuka sote ile ya miamala ya simu ya Julai 2021, maana kabla yake sikuwahi kusikia mama lishe akilitumia neno hilo.

Ushuru wa mazao ni wa halmashauri, na anayepaswa kuulipa ni mnunuzi, si mkulima. Kwa hiyo pale Kasulu ni wewe. Bajeti ya 2017/18 iliushusha mpaka asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikasema mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe. Magunia yako manane ni kilo 800. Weka hesabu hiyo kichwani kabla hujafika kwenye kizuizi, na uitaje kwa upole. Ada ya soko hapa Tabora utalipa kama wenzako.

Halali au si halali, kipimo changu ni kimoja: stakabadhi iliyotoka kwenye mashine, yenye jina la halmashauri na jina la malipo. Asiyekuwa nayo anaomba kitu kingine. Na hicho kitu kingine kina historia yake kwenye njia yako hiyo hiyo. Misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji ilikuwa inalipa hongo kwa watemi ili ipite: vitambaa, shanga, nyaya. Ilikuwa malipo ya wazi, ya mezani, watu wanabishania kipimo kama wanavyobishania bei ya nyanya. Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871, suala la nani atawale njia na malipo yake lilikuwemo. Watawala wa njia wakabadilika, mtoza ushuru mpya akaja na stakabadhi, na neno hongo likabaki na yule anayedai bila kuandika.

*

"Nauza spea za pikipiki Nzega, mauzo kama milioni 40 kwa mwaka. Nimenunua mashine ya EFD. Je, nimeshaingia kwenye VAT? Wateja wanadai nitoe VAT kwenye bei."

Hujaingia. Mashine ya EFD inatoa risiti, usajili wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni jambo jingine, na kwa biashara ya kawaida kama yako unakuwa wa lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Julai 2023. Kabla yake kilikuwa milioni 100. Kwa kuwa hujasajiliwa, kwenye bei yako hakuna VAT ya kutoa, na ukiandika VAT kwenye risiti ni kosa.

Wewe unailipa unaponunua. Boksi la cheni uliloletewa kwa 118,000 kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa lina VAT ya 18,000, si 21,240 kama ulivyoandika pembeni mwa barua. Asilimia 18 inahesabiwa juu ya 100,000, ndipo inakuwa 118,000. Ukitaka kuitoa ndani ya bei, zidisha kwa 18 ugawe kwa 118. Na kwa kuwa huwezi kuidai tena, iingize yote kwenye gharama ya kununulia kabla hujapanga bei, au utauza cheni kwa hasara ukifurahia foleni ya wateja.

*

"Mwalimu, mimi ni mzee wa miaka 71, nakaa kwenye nyumba yangu Isevya. Nikinunua umeme kila mwezi LUKU inanikata 1,500 kabla haijanipa uniti. Mjukuu anasema ni deni la mita."

Shikamoo mzee. Si deni la mita. Hiyo ni kodi ya majengo, 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, imegawanywa kwa miezi kumi na miwili na tangu Agosti 2021 inakusanywa kwa njia ya umeme. Anayedaiwa ni mwenye nyumba. Mpangaji anayekatwa kwenye mita anayo haki ya kuidai kwa mwenye nyumba wake.

Ila wewe una zaidi ya miaka 60 na unaishi kwenye nyumba yako mwenyewe, kwa hiyo upo msamaha, lakini hauji wenyewe mpaka uuombe. Mchukue huyo mjukuu, kitambulisho chako cha taifa, namba ya mita na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba nyumba ni yako na unakaa humo. Kama kwenye kiwanja hicho hicho kuna mita mbili na zote zinakatwa, chukua namba zote mbili, maana nyumba moja inalipa mara moja. Nendeni TRA asubuhi, kabla foleni haijafika mlangoni.